Kisu cha kukunja cha marehemu babu hakifunguki, nisaidieni kabla sijakiua

Kijana wa Kikwajuni

Asalaam alaykum wana jukwaa.

Mie ni fundi simu, kibanda changu kipo Mlandege, na ugonjwa wangu ni visu vya kukunja. Ninavyo tisa. Si vya kutambia: vitatu vya Kichina nilivinunua Darajani kwa bei ya sahani ya wali, kimoja chekundu cha Uswisi aliniachia mgeni niliyemtengenezea simu, na hivyo vingine nimeviokota kwa wauza vyuma chakavu, vingi mpini umekwenda na maji. Kibandani kukiwa hakuna mteja, natoa kimoja nakisugua. Mke wangu anasema angelijua haya posa angeirudisha.

Sasa kimeingia cha kumi, na hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Masika haya paa la nyumba ya shangazi lilivuja, tukawa tunahamisha vitu, na lile kasha la marehemu babu likafunguliwa baada ya miaka mingi. Kwenye mtoto wa kasha, chini, kulikuwa na kipande cha kikoi kimefungwa fundo. Ndani yake hiki kisu. Ukoo mzima unajua kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza wa King's African Rifles, akaenda Bama (Burma) kwenye vita vya pili vya dunia, na kwamba alirudi na kisu. Mimi nilidhani ni maneno ya watu wazima tu ya baada ya futari.

Kilivyo: kikiwa kimefungwa kina sentimita 11, chembamba hasa, ukikitia mfuko wa kanzu hakionekani. Mpini si mbao wala pembe. Ni bati moja la chuma lililokunjwa katikati kama bahasha, limepakwa rangi nyeusi ambayo nusu imebanduka. Ubavuni kuna mnyama amechongwa, anaruka, mkia juu. Chini yake kuna herufi K, halafu namba, 55 au 66, kutu imekula. Mgongoni kuna kiulimi kidogo cha kubonyeza. Bapa lote limo ndani na halitoki. Kucha zangu mbili zimeshavunjika.

Na nikiri kosa langu mapema. Usiku ule ule nilichukua msasa, ule mkali wa 120, nikamsugua yule mnyama ili nimwone vizuri. Kwa dakika moja nikamfuta mkia. Nikauweka msasa chini nikajilaumu, kwa sababu mwaka jana niliwahi kukipeleka kisu kwenye grenda, kikarudi kinang'aa kama kijiko cha harusini na maandishi yote yamepotea. Mpaka leo sijui kilikuwa kisu cha wapi.

Kwa hiyo: nakifungua vipi bila ya kukivunja? Nikishakifungua, ning'arishe au niache? Na la mwisho, mwezi ujao nina harusi Chake, Pemba, nataka kwenda nacho kwa boti. Safari iliyopita getini bandarini walinichukulia kile chekundu cha Uswisi mfukoni, nikarudishiwa nikiwa nimeshatokwa na jasho la wiki nzima.

Ngarawa

Hiyo ni okapi kaka, mbona wavuvi wote wanazo. Inyunyizie ile spreyi ya kufungulia boliti, shika koleo, vuta. Ikikatika utanunua nyingine.

Baharia wa Wete

Wa alaykum salaam mwanangu. Koleo iache hapo ilipo, nitakufika.

Kwanza si okapi. Okapi mpini wake ni wa mbao, una vinyota na mwezi vya bati, na nyuma ina pete ya kuvuta ndiyo bapa likunjike. Ukiifungua inalia kra-kra-kra. Hizo zilitengenezwa Ujerumani tangu 1902 ziuzwe kwenye makoloni yao ya Afrika, na siku hizi zinatoka Afrika Kusini. Ulichokieleza wewe ni kitu kingine kabisa. Mpini wa bati lililokunjwa, rangi nyeusi, mnyama anaruka, K na 55. Huyo mnyama ni paka, mwanangu. Namba ni 55 na mwisho wake kuna K nyingine. Kinaitwa Mercator, cha nyumba ya Kaufmann, mji wa Solingen, Ujerumani. K ya kwanza ni Kaufmann, 55 namba ya nyumba yao, na K ya mwisho ni Katze, ndiyo paka kwa Kijerumani. Nasema kwa uhakika kwa sababu ninacho. Nilikinunua Hamburg miaka ya 70 nilipokuwa melini, na mpaka leo ndicho ninachomenyea machungwa. Humo kwenye kopo langu la biskuti mna visu kumi na vinne, lakini mfukoni huingia hicho tu.

Sasa hapo ndipo hadithi ya Bama inaponikaa vibaya, unisamehe. Keya walipigana na Wataliana kule Uhabeshi 1941, kisha wakapelekwa Bama 1944 kupigana na Mjapani. Mjerumani hakuwako kote huko. Na askari wa Mwingereza alipewa kisu chake mwenyewe, kinene, kizito, mpini mweusi wenye vijimraba vya kukwaruza, bapa lake limekatwa butu mbele, na lina kifungulia kopo na msumari mrefu mgongoni wa kufungulia mafundo ya kamba. Juu yake utaona kimshale kidogo, alama ya mali ya serikali. Cha babu yako hakina hata kimoja katika hivyo. Haina maana babu hakwenda Bama. Ina maana kisu hiki kina njia yake nyingine.

Kufungua. Chukua chupa ya jemu, tia mafuta ya taa na oili nyepesi nusu kwa nusu, kisimamishe humo, kichwa cha kiungo kikiwa chini. Kiungo ni pale penye ribiti, bapa linapozungukia. Kiache siku tatu, nne, usikiguse. Watu wa siku hizi mnakosa subira, ndiyo maana mnafuta paka mikia. Halafu kitoe, kikaushe kabisa, kipashe moto kidogo pale kiungoni. Wewe fundi simu una ile mashine ya upepo wa moto, nzuri sana, iweke kwenye 100, isizidi 120. Feleji ikipashwa sana hugeuka rangi, kwanza manjano ya ndizi mbivu, halafu buluu, na ikifika buluu ugumu wake umekwenda, utanoa mpaka kiama hakishiki makali. Na nimesema kikaushe. Usije ukapulizia moto chuma kinachochuruzika mafuta ya taa, ukatuachia habari.

Kikiwa vuguvugu, lishike bapa mgongoni kwa kipande cha ngozi, si kwa koleo tupu, uvute kidogo, urudishe, uvute. Kile kiulimi ni cha kufungia, si cha kufungulia: hulizuia bapa lisikufungie vidole, na ukitaka kukunja ndipo unakibonyeza. Kwa hiyo usikipige nyundo ukidhani ndiyo kufuli.

Kung'arisha nitakujibu ukishaleta habari kwamba kimefunguka.

Ngarawa

Basi mzee, nimekoma. Ila mimi okapi yangu naipenda.

Binti wa Mkunazini

Nimecheka hapo kwenye mkia wa paka. Kaka, usijilaumu peke yako, mie nimeharibu kikubwa zaidi.

Nyumbani kwetu kuna kisu kidogo cha bibi mzaa baba, mabapa mawili, cha Sheffield, Uingereza, kwenye shina la bapa kuna nyota na msalaba. Ile ni alama ya Joseph Rodgers & Sons. Mpini wake mweupe unaoelekea umanjano. Mie nikadhani ni mfupa, nikauchemsha kwa maji na sabuni ili utakate. Ukapasuka ufa mrefu kutoka ribiti mpaka ribiti. Kumbe pembe ya ndovu. Ukiutazama kichwani, pale ulipokatwa, unaona vistari vyembamba vinapishana kama nyavu. Mfupa hauna hivyo, mfupa una vidoadoa vyeusi, vitundu. Sasa nisiyoyajua nimeyajua kwa hasara.

Lakini kinachonikaa kichwani ni hiki: hizo pembe za Afrika ya Mashariki zilizokuwa zikipita hapa Unguja karne ya 19, nyingine ziliishia kwenye funguo za piano na nyingine kwenye mipini ya visu vya Sheffield. Huenda hii yetu ilipita pwani ya Malindi ikiwa pembe, ikarudi ikiwa kisu. Siwezi kuthibitisha. Mgeni mmoja alikiona mkononi mwangu Hurumzi akataka kukinunua, nikamwambia hata nikikupa bure, biashara ya pembe baina ya nchi imepigwa marufuku tangu makubaliano ya 1989, utakamatwa uwanja wa ndege. Akaduwaa. Kimebaki droo ya jikoni, na ufa wake.

Kuhusu mafuta: mie natumia ya nazi. Kisu kinachogusa embe sitaki kukipaka oili ya mashine.

Baharia wa Wete

Binti yangu, kwa kisu unachokitumia kila siku nazi haina neno. Lakini ukikiweka miezi, inaingia uvundo na inanata kiungoni kama gundi, halafu vumbi linakaa. Mie bapa naliachia mafuta yoyote ya kupikia, kiungoni natia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Si kukichovya.

Msuka Nyavu, Jambiani

Mnisamehe naingilia. Mie ninacho Opinel, kile cha Kifaransa chenye mpini wa mbao na pete ya chuma unayoizungusha kufunga, namba 8. Aliniachia Mfaransa. Kiangazi kinafunguka kwa kidole, masika hakifunguki hata kwa maombi. Nacho kina kutu?

Kijana wa Kikwajuni

Msuka Nyavu, chako si kutu, ni mbao. Ule mpini unavimba kwa unyevu unalibana bapa. Nilikipata kama hicho mara moja, nikakuta Wafaransa wenyewe wana dawa yao: pete ukiizungusha ikawa wazi, unakigonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, bapa linachomoza kidogo unalidaka. Ukitaka kumaliza kabisa, kikaushe juani, uukune kwa msasa laini mle ndani ya mfereji, halafu mbao iinywe mafuta.

Mzee wa Wete, shikamoo. Nimeshakitia kwenye chupa. Ya jemu hatukuwa nayo, nimetumia ya pilipili ya mbuzi, nimeiosha mara tatu na bado inanuka. Kuhusu Bama nimekaa kimya kwanza, sijamwambia shangazi. Huyo akisikia kwamba kisu ni cha Kijerumani atasema nimebadilishiwa kwenye intaneti.

Baharia wa Wete

Marahaba mwanangu. Shangazi mwachie mpaka kifunguke.

Kuhusu boti: mfukoni usikitie. Begi linapita kwenye mashine na wewe unapita pembeni, na kisu mfukoni kwa mtu wa getini ni kisu tu, hana habari ya paka. Kifunge kitambaa, kiweke chini kabisa ya begi la nguo, na ukifika mezani sema mwenyewe kabla hawajaona: nina kisu cha kukunja, cha kumenyea matunda, kipo humu. Wakitaka kukishika mpaka Mkoani, waachie, uombe kikaratasi. Mie hufanya hivyo. Ndege ndiyo haina mazungumzo, begi la mkononi hakiingii, ni begi la kupakiwa chini tu. Na Chake ukifika usikifungue ukumbini pa harusi hata kama keki imekosa kisu.

Kijana wa Kikwajuni

Wana jukwaa, kimefunguka!

Siku ya tano. Ya nne nilijaribu nikaona kinasogea unene wa karata, nikakirudisha. Ya tano nikakikausha, nikakipulizia 100 kwa dakika mbili, nikalishika bapa kwa kipande cha mkanda wa zamani. Likatoka taratibu huku linatema uji mwekundu wa kutu, kisha likalia *tak*, kiulimi kikaingia mahali pake. Kibandani tulikuwa watu wanne, mteja mmoja akapiga makofi na simu yake bado haijatengenezwa.

Bapa ni jeusi, lina madoa ya kijivu na mashimo matatu madogo karibu na ncha, lakini mzima. Sikugusa msasa. Nilisugua kwa ndimu na stilwaya laini, kidogo kidogo, nikaosha kwa sabuni, nikakausha kwa upepo. Ndani ya mpini nikasafisha kwa brashi ya meno na ile spiriti ninayosafishia bodi za simu. Kutu iliyotoka ilijaza kifuniko cha chupa. Shinani pakatoka maandishi, nikaweka kioo cha ufundi nikayasoma herufi moja moja: SOLINGEN. Mzee, umeniua.

Sasa lile swali la kung'arisha bado.

Baharia wa Wete

Mashaallah. Hilo neno si kampuni, ni mji, na tangu 1938 Wajerumani wana sheria kwamba asiyetengenezea huko haruhusiwi kuliandika. Kwa hiyo unacho chenyewe, isipokuwa wa kughushi ambao nao hawakosekani.

Usiking'arishe. Ule weusi uliobaki juu ya feleji baada ya kutu nyekundu kutoka si uchafu, ni ngozi yake, inapunguza kutu mpya. Ukiutoa, kwa hewa yetu hii ya chumvi, asubuhi utaamka umeanza moja. Rangi ya mpini usiipake upya, na paka mwache hivyo bila ya mkia. Noa tu. Kinoo cha 400 kisha 1000, na kama huna cha pili, pindua kikombe cha udongo, lile duara la chini lisilopakwa rangi linanoa kuliko mawe mengi ya dukani. Lilaze bapa, uliinue mgongo kiasi cha nyuzi 15 mpaka 20, pande zote sawa. Malizia kwenye ule mkanda wako. Likikata gazeti bila ya kurarua, simama hapo.

Na usikihifadhi kwenye ala ya ngozi. Ngozi inanywa unyevu, inakigandishia kisu. Vile vipakiti vidogo vya chenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tia viwili kwenye kopo.

Binti wa Mkunazini

Na shangazi je? Tumengoja sana hapa.

Kijana wa Kikwajuni

Jana jioni nilikwenda nacho. Nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwekea mkononi kikiwa wazi, nikamwambia shangazi, hiki hakikutoka Bama, hiki ni cha Wajerumani.

Akakigeuza, wala hakushituka. Akasema: "Nani kakwambia kimetoka Bama? Aliyekwenda Bama ni ami mdogo wa babu yako, na alirudi na malaria. Babu yako alikuwa karani wa ghala pwani. Hiki alipewa na baharia mmoja wa meli ya mizigo aliyemdai, akakosa pesa akatoa kisu. Mama alikasirika wiki nzima."

Nikamwuliza mbona miaka yote mnatuhadithia Bama. Akasema wanaume ndio waliokuwa wakihadithia, yeye alikuwa jikoni na hakuna aliyemwuliza.

Halafu akachukua chungwa kwenye sinia, akalimenya kwa mkupuo mmoja, ganda zima kama utepe, sijapata kuona. Akakata kipande akala. Akakunja uso. Bapa lilikuwa limeshaanza kugeuka weusi mpya pale palipopita maji ya chungwa, na chungwa lenyewe lina mstari wa kijivu.

Akanirudishia. "Kinanuka mafuta ya taa," akasema. "Na pilipili. Kakisugue tena."